Ukurasa wa Waliochelewa

Ijumaa ya pili ya Februari mwaka huu tulimzika Akoth nyumbani kwake Ndhiwa. Jumatatu iliyofuata niliondoa tangazo lake la kifo kwenye tovuti ya ofisi yetu, na hiyo ikawa kazi yangu ya mwisho kabla ya kukabidhi funguo.

Ninyi mliobaki ofisini Migori mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu pale, ili wanaokuja wajue tulikotoka. Nimejaribu. Habari za vyeo sina, kwa kuwa niliingia nikiwa mzungusha mashine na nikatoka nikiitwa mzee wa ofisi, cheo ambacho mtu hupewa na mvi zake. Nimeona niandike hasa kuhusu ukurasa mmoja, ule ambao mtu huuona akifungua tangazo ambalo tumeshaliondoa. Nataka mjue ulitoka wapi, na kwa nini mtaikuta folda moja kwenye seva yenye mipangilio isiyofanana na ya nyingine.

Nilitoka Kehancha na cheti cha darasa la saba na vidole vilivyozoea kufunga tumbaku. Bwana Omolo, mwenye ofisi, alinichukua kwa sababu mashine yake ya kudurufu ilihitaji mtu mwenye mkono wa kuizungusha bila kuchoka. Kazi ilikuwa ileile mnayoifanya leo: programu za mazishi. Picha ya marehemu mbele, wasifu katikati, nyimbo nyuma. Wakati huo picha zilitoka nyeusi tii, mpaka mjane mmoja akatuuliza kama tuna hakika huyo ni mume wake.

Akoth ndiye aliyekuwa mpiga chapa. Alikuwa mwanamke mwembamba, Msabato wa kweli, mwenye kusema maneno machache na kuyarudia machache zaidi. Asubuhi yangu ya kwanza aliingia mwanamume aliyefiwa na mke. Akoth aliweka karatasi kwenye taipureta, akaitengeneza, halafu akamuuliza, "Umekuja na nani?"

"Niko pekee yangu."

Akoth akaondoa mikono kwenye taipureta, akaiweka mapajani. "Basi sitaandika bado. Mwite mtu."

"Mama, mimi nimekuja kuandikiwa. Sikuja kuulizwa maswali."

"Nitakuandikia. Lakini maneno haya hayasomwi na mtu mmoja."

Yule mtu alitoka amekasirika. Mimi nilidhani tumempoteza mteja, nikamtazama Bwana Omolo nione kama atagomba. Bwana Omolo alikuwa anahesabu karatasi na hakuinua kichwa. Baada ya muda mteja akarudi na mwendesha baiskeli aliyemleta kutoka stendi, mtu asiyemjua hata jina. Wakaketi pamoja kwenye benchi. Akoth akaandika, kisha akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye majina ya watoto, yule mwenye baiskeli alimshika mwenzake begani, wakabaki hivyo mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya Akoth. Haikuandikwa popote. Aliniambia mara moja tu, tulipokuwa tunakunja karatasi: habari ya kifo mtu akiipokea peke yake humkalia vibaya kifuani, na sisi ndio tunaoikabidhi. Sikumwelewa, lakini nilianza kufanya kama yeye.

Mengine niliyajifunza polepole. Nilijifunza kwamba kosa la herufi husamehewa na kosa la kumsahau mke wa pili halisamehewi. Nilijifunza kusoma majina kwa sauti mbele ya familia yote kabla ya kuchapa, na kunyamaza wanapobishana nani atangulie. Nilijifunza pia kutaniwa. Kwa kuwa mimi ni Mkuria na wengi waliokuja kwetu walikuwa Wajaluo, Akoth alikuwa na neno lake.

"Nyinyi Wakuria mnazika kabla chai haijapoa."

"Na ninyi mnakaa matangani mpaka ng'ombe wanajua nyimbo zote."

"Omera, ndugu yangu, ng'ombe wenyewe wanakuwa wameisha."

Kompyuta ilikuja, mashine ya kudurufu ikawa meza ya kuwekea chai. Baadaye watu wakaanza kutumiana habari kwa simu, na wateja wakauliza kama hatuwezi kuweka tangazo mahali ambapo ndugu walioko mbali watalisoma. Bwana Omolo alimleta fundi kutoka Kisumu akatutengenezea tovuti. Kila marehemu alipata folda yake, na ndani yake ukurasa wenye picha, ratiba, na namba za simu za familia. Linki ilitumwa kwenye kundi la ukoo, kazi ikaisha.

Haikuisha. Matapeli waligundua kwamba zile namba zilibaki hapo baada ya mazishi. Wakawa wanawapigia wafiwa, au wanajifanya wafiwa kwa watu wengine. Familia zikalalamika. Bwana Omolo akaweka sheria: Jumatatu baada ya mazishi, tangazo linaondolewa. Jumamosi nilikuwa zamu mimi, kwa sababu Akoth hakugusa kompyuta siku ya Sabato, na Jumatatu alikuwa zamu yeye. Kwa hiyo kuondoa kukawa kazi yake. Alikuwa akisema jina la mtu taratibu kabla ya kufuta, kama anayemuaga mgeni.

Leo najiuliza kwa nini hatukufuta namba za simu tu, tukaacha ukurasa. Lilikuwa jambo rahisi. Hakuna aliyeliwaza, si Akoth, si mimi, si fundi. Sheria ilisema ondoa, tukaondoa.

Sasa nije kwa Ouma.

Ouma alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa mama mmoja wa Sindo. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kambi ya ujenzi wa barabara huko kaskazini, mahali ambapo simu hukaa siku nyingi bila mtandao. Laini yake ya zamani ilikuwa imepotea, na namba mpya alikuwa nayo binamu mmoja tu. Mama alipofariki, dada yake Ouma alipiga ile ya zamani mpaka akakata tamaa. Binamu alipiga ile mpya, haikupatikana. Wazee wakangoja, halafu wakasema mwili hauwezi kungoja zaidi. Wakazika. Tangazo lilikuwa letu, na Jumatatu Akoth aliliondoa kama kawaida.

Siku chache baadaye Ouma alitoka kambini akafika mjini. Simu ikashika mtandao, ikaingia meseji moja ya binamu: "Pole sana ndugu. Mambo yote yako hapa." Chini yake linki yetu, yenye jina la mama yake ndani ya anwani. Akaifungua. Akaona ukurasa mweupe, wenye maneno machache ya Kiingereza, kwamba kilichoombwa hakipo kwenye seva hii. Akampigia binamu, hakushika; namba za wengine zilikuwa zimepotea na laini ya zamani.

Hapo inabidi mjue jambo moja la kwetu. Mwaka uliotangulia kulikuwa kumezunguka tangazo la uongo kuhusu mzee mmoja wa hukohuko Sindo. Familia ilipiga kelele, tangazo likaondolewa, na mzee akaonekana sokoni akichagua dagaa wa omena na kuwauliza watu mbona wanamkodolea macho. Kwa hiyo watu walikuwa wameshajifunza: tangazo la kifo likiondolewa, maana yake mtu yu hai. Ouma akafikiri kama ambavyo mtu yeyote wa kwao angefikiri. Akashukuru Mungu. Akamnunulia mama yake leso ya kujifunga, akapanda basi.

Alikuja ofisini kwetu akitokea kaburini. Aliweka simu juu ya meza ya Akoth, na ule ukurasa mweupe bado uko wazi.

"Someni," akasema.

Akoth akavaa miwani, akasoma.

"Inasema nini?"

"Inasema ukurasa haupo."

"Mimi pia nilisoma hivyo. Nikasema, hawa wameona ni uongo, wametoa. Mama yangu yuko." Alikuwa akiongea polepole, bila kupaza sauti. "Siku mbili kwa basi, mama, nilikuwa na furaha. Nilikuwa naimba na watu. Mlinipa siku mbili halafu mkazichukua. Si ni afadhali hamngenipa?"

Bwana Omolo alianza kusema habari za matapeli na namba za simu. Akoth akainua mkono, naye akanyamaza.

"Wuoda," Akoth akamwambia, mwanangu, "tungeandika nini hapo?"

Ouma aligeuza simu, kioo chini. "Mngeandika tu mmeshamzika. Basi. Ningelia huko huko nilikokuwa."

"Uko na nani sasa?"

"Sina mtu," akajibu, akachukua simu yake, akaondoka. Leso aliiacha kwenye benchi, ndani ya mfuko wake wa duka.

Siku hiyo hatukuchapa tena. Kesho yake Akoth alimwambia Bwana Omolo kwamba anataka tutengeneze ukurasa wetu wenyewe wa makosa, badala ya ule wa seva.

"Ukurasa wa makosa?" akauliza Bwana Omolo. "Tutengeneze kabisa, ili watu wajue tunakosea?"

"Tunakosea," Akoth akasema.

Tukampigia yule fundi wa Kisumu. Alicheka kwa upole. "Auntie, hiyo ni laini moja tu. Sikuiweka kwa sababu hakuna mtu aliniuliza." Akatueleza, nami nikaandika kwa mkono. Ndani ya tovuti kuna faili ndogo ya mipangilio, jina lake linaanza na nukta, ndiyo maana haionekani mpaka uambie kompyuta ikuonyeshe vilivyofichwa. Humo unaandika namba ya kosa, halafu anwani ya ukurasa unaotaka mtu auone. Kwa kweli ni laini moja. Ilituchukua muda mrefu kuipata sawasawa, na nitawaeleza tulikokwama ili msikwame hapohapo.

Kwanza tulitaka njia ya mkato. Tuliagiza kila anayekosa ukurasa apelekwe mwanzo wa tovuti. Ikaonekana nzuri kwa siku chache. Halafu akapiga mama mmoja wa Rongo, analia na kugombana kwa pamoja. Alikuwa akitafuta tangazo la shangazi yake, akakutana na picha ya shemasi asiyemjua, anatabasamu. Mtu aliyekosa njia usimpeleke sebuleni kwa wengine. Mwambie alipo.

Pili, ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa mfupi mno. Fundi alituonya kwamba vivinjari vingine vya wakati ule vikiona ukurasa wa kosa ni mdogo sana, huuweka kando na kuonyesha wa kwao. Ikabidi tuongeze maneno. Akoth hakupenda. Alisema hii ni mara yake ya kwanza kuambiwa na mashine kwamba hasemi vya kutosha.

Tatu, nembo ya ofisi haikuonekana. Kwenye kompyuta yetu ilikuwepo, kwenye simu za watu ilikuwa kisanduku kitupu. Kumbe anwani ya picha ilitegemea mtu yuko folda gani, na aliyekosea anaweza kuwa folda yoyote. Anwani za picha kwenye ukurasa wa namna hii zianze na mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama, zihesabiwe kutoka mzizi wa tovuti. Hilo hata leo linawapata watu.

La nne ndilo lililokuwa kubwa. Seva ina namba nyingi za makosa, na mbili zinafanana kwa mbali. Mia nne na nne ni kwamba sijui unachotafuta. Mia nne na kumi ni kwamba kilikuwepo, kimeondolewa kwa makusudi, na hakirudi. Sisi tulikuwa tunatumia ya kwanza kwa watu wote. Akoth alipoelezwa tofauti hiyo akasema, "Basi tulikuwa tunawadanganya kwa namba pia." Tukazitenganisha. Aliyekosea herufi alipata ukurasa uliosema anwani hii hatunayo, labda kuna herufi imeruka, na kwamba ukurasa huu hausemi lolote kuhusu mtu yeyote kuwa hai au kufa. Maneno hayo ya mwisho niliyaweka mimi, na Bwana Omolo aliyacheka kwa wiki nzima.

Ule wa pili, wa matangazo yaliyoondolewa, aliuandika Akoth. Nauweka hapa wote:

"Tumeshamzika. Tangazo lake tumeliondoa kwa sababu mazishi yamefanyika. Kama habari ndiyo kwanza inakufikia, pole sana. Usikae peke yako. Mwite mtu aketi nawe. Kisha tupigie, tutakueleza yote."

Chini yake namba ya simu ya ofisi, yenye maandishi makubwa, ili hata mwenye machozi machoni aione. Akaandika na kwa Kijaluo. Kwa Kikuria niliandika mimi. Akoth alisema hakuna Mkuria atakayeufungua, kwa kuwa tunakuwa tumezika kabla linki haijatumwa.

Neno la kwanza lilikuwa la Ouma. Akoth hakutaka libadilishwe. Bwana Omolo alipendekeza "amepumzishwa," mchungaji mmoja akapendekeza "amelala katika Bwana." Akoth akasema hapana, huyu kijana alituambia aandikiwe nini.

Alitaka Ouma auone. Alienda Sindo akiwa na ile leso, mara ya kwanza peke yake, mara ya pili pamoja nami. Dada yake Ouma alitukaribisha vizuri, akatupikia samaki. Ouma alikuwa ndani ya nyumba yake, palepale uani. Tuliona viatu vyake mlangoni. Dada aliingia akazungumza naye, akatoka peke yake.

"Anasema nipokee leso. Yeye hana neno na nyinyi."

"Hana neno kwa wema au kwa ubaya?" Akoth akauliza.

"Mama, hana neno tu."

Akoth akamwachia namba ya ofisi, akamwambia Ouma apige siku yoyote atakayopenda. Tulirudi Migori.

Miaka iliyofuata simu ile iliita. Si sana, lakini iliita. Watu walikuwa wakifungua linki wakiwa kazini, hospitalini, mipakani, wengine nchi za mbali ambako kwao ni usiku na kwetu ni saa ya chai. Akoth alikuwa akishika kila namba asiyoijua. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile la siku yangu ya kwanza, "Uko na nani hapo?" Kama mtu yuko peke yake, alimwambia atafute mwenzake, naye angengoja. Nilimwona akiwa ameshika simu sikioni, kimya, mteja amesimama mbele yake, huku upande wa pili mtu anagonga mlango wa jirani. Ndipo nilipoielewa ile kanuni. Mteja naye alingoja. Hakuna aliyewahi kulalamika, isipokuwa mmoja, na baadaye alirudi na soda.

Si kila simu ilikuwa ya majonzi. Kuna mzee alipiga kuuliza kama ratiba ilisema ng'ombe gani alichinjwa, kwa sababu alikuwa na mashaka na yule aliyetajwa. Akoth alimwambia ng'ombe hayumo kwenye kumbukumbu zetu.

Kila mara alipoweka simu chini nilimtazama, naye alitikisa kichwa kidogo. Si yeye. Hatukuwa tunalitaja jina.

Kisha Akoth akaanza kuumwa miguu, akaacha kazi, akarudi Ndhiwa. Bwana Omolo alizeeka, akamwachia ofisi binti yake Lavender. Lavender mnamjua, na siandiki kumsema. Tovuti mpya aliyoileta inafunguka upesi hata kwenye simu mbovu, na ina kisanduku cha kutafutia jina, kitu ambacho sisi tungekishukuru sana. Namba za familia sasa zinajifuta zenyewe. Ila kurasa za makosa zote zikawa moja. Mtu akikosa anachotafuta anaona samaki aliyevaa miwani, na juu yake, "Oops! Umepotea?" Simu ya mezani ikakatwa.

Nilimwendea. "Lavender, mwanangu, huyu samaki."

"Mzee Marwa, si ni mzuri? Watu wanampenda. Hata wameshea."

"Mtu amefiwa na mama yake. Anakutana na samaki."

Aliitazama skrini, nikaona amelichukua. Halafu akasema, "Lakini mzee, siku hizi hakuna anayepiga simu. Ile line mwezi mzima haikulia hata mara moja. Nani atakaa anaingoja?"

Alikuwa sahihi kuhusu mwezi ule. Nikarudi mezani kwangu. Ningeweza kusema mimi nitaingoja. Neno hilo lilinijia nikiwa njiani kwenda nyumbani.

Nilipokwenda kumwona Akoth mara ya mwisho, alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba, miguu juu ya kigoda. Tulizungumza habari za watu. Halafu akaniuliza, "Na ile simu, bado inaita?"

Sikumficha. Nilimwambia imekatwa, na ukurasa umebadilishwa. Alikunja ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaikunjua.

"Na hakupiga kabla haijakatwa?"

"Hakupiga."

"Haya," akasema. Akamwita mjukuu wake alete chai.

Wakati mwingine nafikiri ningemdanganya. Lakini tulifanya kazi pamoja muda mrefu mno, na angejua.

Alipofariki, tangazo lake nililitengeneza mimi. Niliwasomea watoto wake wasifu kwa sauti, wote wakiwa wameketi. Tulimzika Ijumaa kwa sababu Jumamosi ni Sabato. Jumatatu nikakaa kwenye kompyuta, nikasema jina lake taratibu, nikafuta ukurasa.

Lakini folda yake sikuifuta. Mkiingia kwenye seva mtaikuta. Ndani yake niliweka ile faili ndogo inayoanza na nukta, ambayo kazi yake inaishia kwenye folda ile tu, haigusi tovuti yenu. Inasema vilivyokuwa humu vimeondolewa kwa makusudi, mia nne na kumi, na inamwonyesha mtu ukurasa wa zamani, maneno ya Akoth yote. Ukurasa wenyewe nimeuweka nje ya folda hiyo. Ukiuweka ndani, seva itauzuia nao pia, na mtu atarudishiwa maneno makavu ya Kiingereza. Kwa kuwa simu ya ofisi haipo tena, nimeweka namba yangu mwenyewe. Lavender nilimwonyesha kabla sijaondoka. Alisoma yote, akaniuliza ni nani aliandika. Nikamwambia. Akasema niiache. Kwa hiyo mkisafisha seva, nawaomba muiruke.

Wiki hiyohiyo nilikuwa Kehancha, natayarisha shamba nyuma ya nyumba, simu ikaita. Namba sikuijua. Nikaweka jembe chini.

"Halo? Hapo ni ofisi ya matangazo?"

"Ilikuwa. Mimi ni Marwa. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Ouma. Wa Sindo."

Nikaketi juu ya ukuta wa zizi.

"Nilikuwa kisiwani, natengeneza injini za boti," akasema. "Huko network ni shida. Dada amenitumia linki ya mama wa ofisi yenu, nimeifungua sasa hivi nikifika ufuoni. Imeandikwa mmeshamzika."

"Ndiyo. Tulimzika Ijumaa, kwake Ndhiwa."

Nilisikia upepo, na maji yakigonga mbao.

"Ni yule mama wa leso?"

"Ndiye."

"Nilikuwa ndani siku ile."

"Tuliona viatu."

"Alikuwa anangoja nipige?"

Nilitaka kusema hapana. "Alikuwa anangoja," nikasema. "Kila namba asiyoijua aliishika mwenyewe."

Nikasikia akivuta pumzi, mara moja, halafu tena.

"Ouma, uko na nani hapo?"

"Niko pekee yangu kwa boti."

"Mwite mtu. Sikati, nakungoja."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya ubao, na yeye akisimama, boti ikiyumba. Akaita jina la mtu. Hakuna aliyeitika. Akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, na kutoka mbali, pande za nchi kavu, mtu akamjibu kwamba anakuja.